Nyanya Kwanza, Simba Baadaye

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni namna sisi wanafunzi tunavyotaja viasi vya vyakula na vinywaji tunaposema au kuandika Kiingereza. Mimi nasema si dogo, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa insha tueleze siku tuliyokwenda kununua vitu vya karamu. Nilifurahi sana, maana mambo ya kununua na kuuza nayajua tangu utotoni. Mama yangu ana genge la mboga na matunda hapa Kipawa, nami nikitoka shule humsaidia mpaka jua kuchwa. Basi niliandika kurasa mbili bila kuinua kalamu. Niliandika kwamba nilinunua "tomatoes of one thousand", na "two breads", na "rice four kilos", na kwamba wageni walipofika "they drank many tea cups".

Daftari liliporudi lilikuwa jekundu kama nyanya zenyewe. Mwalimu aliisoma ile sentensi ya mwisho mbele ya darasa bila kumtaja mwandishi, lakini uso wangu ulimtaja. Darasa zima likacheka. Mwenzetu mmoja akauliza kama wageni wale walivitafuna vikombe pamoja na visahani vyake.

Mwalimu hakucheka. Alingoja ndege ipite, kwani sote tunajua kwamba ndege ikishuka kiwanjani hapo jirani somo husimama, kisha akaandika ubaoni "a teacup", na chini yake "a cup of tea". Akasema, "Hiki cha juu ni chombo, hata kikiwa kitupu kabatini. Hiki cha chini ni chai iliyomo ndani."

Nilishangaa, maana Kiswahili chetu husema "kikombe cha chai" kwa vyote viwili. Mtu akisema amevunja kikombe cha chai, twajua ni chombo. Akisema amekunywa kikombe cha chai, twajua ni kinywaji. Kitendo chenyewe hutueleza, wala hatuna haja ya kuuliza. Mwingereza hakuliacha jambo hili mikononi mwa kitendo, bali amelitenga kwa mpango wa maneno. Kadhalika "a soda bottle" ni chupa unayorudisha dukani, na "a bottle of soda" ni soda unayokunywa. "A milk jug" ni jagi, na "a jug of milk" ni maziwa. Basi kosa langu halikuwa upungufu wa maneno. Maneno yote niliyajua. Nilipima kwa Kiswahili nikaandika kwa Kiingereza.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza wenzangu wanavyosema, nami nimeona kwamba makosa yetu aghalabu hutoka katika mambo matatu.

La kwanza ni mpango wa maneno. Sisi hutanguliza kitu, kisha kiasi chake: mchele kilo nne, sukari nusu, maharage robo. Mwingereza hutanguliza kiasi, akaweka kineno "of", kisha kitu: "four kilos of rice", "half a kilo of sugar", "a quarter of a kilo of beans". Sisi tukisema "kilo na nusu", yeye aweza kusema "a kilo and a half" au "one and a half kilos". Mwanafunzi akishika mpango huu atakuwa ameponya nusu ya ugonjwa. Lakini asidhani kwamba "of" huingia kila mahali. Trei ya mayai 30 ni "a tray of eggs", bali dazeni ya mayai ni "a dozen eggs", bila "of" yoyote. Ukiuliza sababu, jibu ni kwamba ndivyo wasemavyo wenyewe. Lugha ni desturi, na desturi hujifunzwa kwa kuizoea.

La pili ni vitu vihesabikavyo na visivyohesabika. Katika Kiswahili maji, maziwa na mafuta huchukua upatanisho wa vitu vingi. Twasema maji haya, maziwa mengi, mafuta machache. Ndiyo maana mwanafunzi hasikii ubaya wowote anapoandika "many waters" au "these milks". Kwa Mwingereza vitu hivi ni kama uji uliomo chunguni, havina moja wala mbili mpaka vitiwe katika chombo. Kinachohesabika ni chombo: "two glasses of milk", "three litres of oil". Mkate nao ni hivyo hivyo. Sisi twahesabu mikate mmoja mmoja, yeye huhesabu "loaves" ukiwa mzima na "slices" ukikatwa. Dukani twasema "nipe maji makubwa" tukitaka chupa ya lita moja na nusu, na "maji madogo" tukitaka ya nusu lita. Sentensi hizo ni safi kabisa kwa muuza duka wa Kipawa, lakini "big water" si Kiingereza. Sema "a large bottle of water".

Lakini tena, mtu akiingia mgahawani akasema "two teas, please", hakukosea, maana kwa kuagiza imekuwa desturi kuhesabu chai kama sisi tusemavyo "chai mbili". Tunda lisilokomaa ni lile la mwanafunzi aliyejifunza kanuni tu, akamcheka anayesema "two teas" kumbe mcheka ndiye asiyejua.

Katika jambo hili la pili nitaingiza mtego mmoja ulio mdogo kwa umbo na mkubwa kwa hasara. Mwingereza akisema "there is a little sugar", maana yake sukari ipo, japo kidogo, chai itanywewa. Akisema "there is little sugar", maana yake sukari ni haba, karibu hakuna. Tofauti ni herufi moja tu, "a". Hali ni hiyo kwa vitu vihesabikavyo: "a few eggs" ni mayai machache yanayotosha haja, na "few eggs" ni mayai machache mno. Sisi huonyesha tofauti hii kwa sauti, au kwa kuongeza neno kama "tu". Katika karatasi ya mtihani sauti haisikiki.

La tatu ni fedha. Hili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu ndilo riziki yetu. Hapa kwetu watu wengi hawanunui kwa mizani, bali hununua kwa fedha waliyo nayo. Mteja husema nyanya za elfu moja, dagaa za elfu mbili, mafuta ya kupima ya mia tano. Nilikuwa sijui kabisa kwamba Kiingereza kina neno la kufanyia kazi hiyo. Neno hilo ni "worth". Nyanya za elfu moja ni "a thousand shillings' worth of tomatoes". Nilipomwuliza mwalimu akanipa neno hilo, nilijisikia kama mtu aliyekuwa akibeba maji kwa viganja, akapewa ndoo.

Sasa nifike kwenye shauri langu. Katika madarasa yetu tumekaririshwa majina ya makundi: kundi la simba ni "a pride of lions", kundi la nyuki ni "a swarm of bees", watoto wa mbwa waliozaliwa pamoja ni "a litter of puppies". Tumeyakariri na kupewa alama kwa hayo, wala sisemi kwamba ni mabaya. Lakini simba sijamwona Kipawa hata siku moja. Nyanya, vitunguu, ndizi, unga na mafuta nawaona watu wakivipima kila siku, nami baada ya miaka saba ya shule ya msingi na miwili ya sekondari sikuweza kuvitaja kwa Kiingereza sawasawa. Elimu ya namna hii ni sawa na kumnunulia mtoto koti la baridi naye hana kandambili. Naomba walimu wetu watufundishe nyanya kwanza, simba wawe baadaye.

Nayajua majibu ya wapinzani wangu, maana nimebishana nao sana chini ya mwembe wakati wa mapumziko. Wa kwanza husema, "Ukieleweka, yatosha. Nani asiyeelewa 'two breads'?" Kweli, mwenye duka ataelewa. Lakini si kila mahali utapata mwenye duka wa kukuelewa kwa huruma.

Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na kikohozi, mama akaleta dawa ya maji. Chupa ilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na kile kikombe kidogo cha kupimia kilikuwa kimepotea. Mama akanipa chupa nisome, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Iliandikwa "one teaspoonful" mara tatu kwa siku. Nikamwambia, "Mama, kijiko kimoja mara tatu." Mama akachukua kijiko cha kulia wali. Bahati njema alikuwapo bibi jirani yetu aliyekuwa nesi zamani, amekuja kumjulia hali mtoto. Akasema, "Hebu lete chupa, mjukuu wangu." Akasoma, akanitazama, akaniuliza, "Hiyo 'tea' umeipeleka wapi?" Kijiko cha chai ni mililita 5, na kijiko kikubwa cha chakula ni mililita 15. Mdogo wangu angekunywa mara tatu ya kiasi alichoandikiwa, na kosa lingekuwa langu mimi niliyesoma. Tangu hapo mtu akiniambia ukieleweka yatosha, mimi humkumbuka mtoto yule na kijiko kile.

Wala si chupa ya dawa peke yake. Katika sekondari masomo karibu yote husomwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kemia akisema tutie "a few drops", hataki tone moja wala kijiko kizima. Mwanafunzi aliyezoea kukisia vipimo vya Kiingereza atakisia na katika maabara.

Na wapenzi wa vitabu nawakumbusha tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kiwanja cha ndege cha jirani yetu kina jina lake. Aliitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo mkopeshaji Shylock anadai nyama ya mwili wa mdeni wake, na kiasi kimeandikwa katika mkataba: "a pound of flesh". Kesi nzima inageuka kwa maneno ya kipimo hicho. Hukumu yasema achukue nyama, lakini damu haikutajwa, na asizidishe wala kupunguza hata chembe. Roho ya mtu ikaponea katika maneno matatu manne ya kupimia. Nani tena atasema kwamba vipimo ni jambo dogo?

Mpinzani wa pili ana neno zito zaidi. Yeye husema, "Kwa nini tujisumbue kuwaiga Waingereza? Je, vipimo vyetu ni duni?" Huyu namheshimu, maana apenda vya kwetu. Lakini namjibu kwamba mtu anayejifunza kupima kwa Kiingereza si lazima atupe kibaba chake. Tazama jinsi Kiswahili kilivyo tajiri. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Hata mkono mtupu ni kipimo kwetu: kinachokaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa ni ukufi, na kinachoshikwa kwa kiganja kilichofumbwa ni konzi. Mwingereza vyote hivyo viwili huviita "a handful", basi. Hapo ni yeye aliye maskini, na sisi ndio matajiri. Ugali una tonge, maji yana funda, mchele una punje. Katika ndizi tumekwenda sare: mkungu ni "a bunch", chane ni "a hand", na ndizi moja ya chane wafanyabiashara wao huiita "a finger", yaani kidole. Mama alipoyasikia haya alifurahi, akasema kumbe nao wameziona ndizi kwa macho kama yetu.

Lakini kipande chatuponza. Sisi husema kipande cha mkate, kipande cha nyama, kipande cha sabuni, na neno ni lile lile. Kwa Kiingereza mkate na keki hukatwa "slices", sabuni ni "a bar", na nyama yaweza kuwa "a piece". Asiyejua la kufaa na atumie "piece", halitamtupa mbali. Kitunguu saumu nacho kizima ni "a bulb" au "a head", na kijino chake kimoja ni "a clove", neno lile lile litajalo karafuu. Mpishi asiyejua hili aweza kutia karafuu mahali pa kitunguu saumu, na pilau ikamshangaza.

Na pale Kiingereza kisipokuwa na neno, tusione haya kueleza kwa maneno mepesi. Fungu la nyanya ni "a small heap of tomatoes". Sado ya mahindi, yaani kile kindoo cha rangi cha lita nne, ni "a four-litre bucket of maize". Debe halina tabu, kwani Waingereza waliokaa huku walilichukua neno lenyewe wakalitumia katika Kiingereza chao cha Afrika Mashariki. Wao kwa wao pia hawapatani. Mwingereza husema "a tin of beans", Mmarekani husema "a can of beans". Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani ni mililita 473. Basi tusiogope tofauti. Kinachotakiwa ni kujua unazungumza na nani, na kusema kama watu wasemavyo.

Nimalize kwa kuomba mambo matatu. Walimu wetu nawaomba watutume sokoni na madaftari, Buguruni hapo si mbali, tuandike kila kitu jinsi kinavyopimwa, kisha turudi darasani tukitafutie Kiingereza chake pamoja. Wanafunzi wenzangu nawaomba tujifunze chakula pamoja na kipimo chake, kama ndizi na maganda yake: tusikariri "bread" peke yake, bali "a loaf of bread". Na tuache kuchekana. Mimi nilichekwa nikapata ukaidi wa kujifunza, lakini namjua mwenzetu aliyechekwa akanyamaza, na mpaka leo hanyooshi kidole darasani. Kicheko kile kimetupunguzia mtu.

Wazazi wetu nao nawaomba wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu kwa kuwa hawakusoma Kiingereza. Mama yangu hakukisoma, lakini ndiye mwalimu wangu wa jioni. Tunapopanga mafungu huniuliza, "Mwanangu, na hiki je, wao wanakiitaje?" Nikijua namjibu, nisipojua naandika nikamwulize mwalimu kesho.

Juzi alinishinda. Mteja alikuwa amelipia nyanya zake, akasimama akidai nyongeza kama ilivyo ada, mama akamtupia mbili. Mteja alipoondoka mama akageuka akaniuliza, "Na nyongeza je?" Sikuwa na jibu. Mwalimu aliniambia twaweza kusema "a little extra", kisha akanipa na hadithi yake: Kiingereza kina dazeni ya mwoka mikate, "a baker's dozen", nayo si 12 bali ni 13. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akaangusha kisu.

"Kumbe hata kwao," akasema, "mteja haondoki bila kuongezwa."